Staji Ifanywe Kweli, na Ifanywe Hapa Kwetu

 Ndugu wasikilizaji wa Makobola na wa Fizi nzima, leo tuzungumze juu ya staji, yaani mafunzo ya kazini, za wanafunzi wa vyuo. Najua wengi mtasema hilo ni jambo la wasomi na maprofesa wao. Naomba mnisikilize, maana linamgusa mama anayempeleka mtoto kwenye kituo cha afya usiku, na linamgusa baba anayemtuma mtoto shuleni asubuhi.

Kila mwaka masomo ya darasani yakikaribia kwisha, vijana wetu huanza kuzunguka na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo inayoomba mwanafunzi apokelewe kwa staji, mwezi mmoja au zaidi. Wanapita kwenye vituo vya afya, kwenye shule, kwenye ofisi za sekta na kwenye mashirika. Wengine hupokelewa siku ileile. Wengine huambiwa warudi kesho, na kesho tena, mpaka muda wa staji unakwisha. Na wapo wanaokutana na mkubwa anayewaambia: leta karatasi zako nizipige muhuri, usijisumbue kuja. Kijana hushukuru. Anachukua ripoti ya mwenzake wa mwaka jana, anabadilisha jina na tarehe, anapewa pointi, anatetea kazi yake, anapata diploma.

Hiyo ndiyo staji ya karatasi. Nami nasema wazi tangu sasa: staji ya karatasi inatuumiza sisi tulioko kijijini kuliko inavyomuumiza mwanafunzi mwenyewe. Kwa hiyo kuikataa ni kazi yetu, hatuwezi kuwaachia vyuo peke yao.

Kwanza tukumbushane staji ni nini. Katika mfumo wa zamani, mwanafunzi wa Kongo alisoma miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2 ya lisansi, na karibu kila fani ilimtaka afanye staji kabla ya kumaliza. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeingiza vyuo vyote katika mfumo wa LMD, yaani lisansi ya miaka 3, masta ya miaka 2, kisha udaktari wa taaluma. Majina yamebadilika, lakini staji imebaki, tena sasa inahesabiwa kwa krediti kama somo lingine lolote. Maana yake ni kwamba anayempokea mwanafunzi wa staji amepokea darasa, na kwa muda huo yeye ndiye mwalimu. Yule muuguzi mkuu wa kituo cha afya pale kijijini, ambaye pengine hajawahi kukanyaga chuo kikuu, kwa wiki zile anafundisha somo ambalo profesa hawezi kulifundisha akiwa Bukavu au Uvira.

Tuchukue kipindupindu, kwa sababu ni ugonjwa tunaoufahamu. Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira hadi Baraka, ni moja ya sehemu za nchi ambako kipindupindu hakikomi. Kinapungua, kisha kinarudi. Mwanafunzi wa uuguzi amekwisha kusoma darasani kwamba mgonjwa akitapika na kuharisha hupoteza maji na chumvi, na kwamba akichelewa anaweza kufa ndani ya saa chache. Anajua pia kwamba akipewa maji ya chumvi na sukari mapema, au akiwekewa seramu kwenye mshipa hali ikiwa mbaya, karibu wote hupona; mahali ambapo matibabu yamepangwa vizuri hafi hata mmoja kati ya wagonjwa mia. Hayo yote yamo kwenye daftari lake. Lakini ngozi ya mtoto aliyekaushwa na ugonjwa, ile inayovutwa na kukawia kurudi, inataka kuguswa kwa mkono. Kutafuta mshipa kwa mtu ambaye mishipa imejificha kunataka mkono uliozoea, chini ya jicho la mkubwa aliyesimama karibu. Kupima klorini ya kunawia mikono na ile ya kusafishia sakafu, bila kuchanganya vipimo, kunataka kufanywa tena na tena mpaka mtu afanye bila kutetemeka.

Sasa fikirini yule aliyepigiwa muhuri bila kuja. Naye atapata diploma, naye ataajiriwa, pengine hapahapa. Siku ya kwanza ya kutafuta mshipa itafika, na mshipa huo utakuwa wa mtoto wa mmoja wetu, na hakutakuwa na mkubwa wa kumwongoza mkono, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Hesabu ambayo hakuilipa wakati wa staji, mgonjwa ndiye atakayeilipa.

Ni hivyo pia kwa shule. Mwanafunzi wa ISP, chuo cha ualimu, anayejiandaa kuwa mwalimu, anatakiwa kuandika fishi ya matayarisho, kusimama mbele ya wanafunzi, kufundisha, kisha kukaa chini na kuambiwa alipokosea. Tangu Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za serikali yametangazwa kuwa bure, na madarasa yamejaa. Hilo ni jambo jema. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi hivyo hujikuta amechoka, na anapoletewa mwanafunzi wa staji humkabidhi chaki na kwenda kushughulika na mengine, maana walimu wengi bado wanangoja kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali na ni lazima watafute chakula. Ninawaelewa. Hata hivyo, staji ya namna hiyo humfundisha kijana kwamba ualimu ni kupiga kelele mpaka kengele ilie. Makosa anayoyafanya bila kusahihishwa yanageuka kuwa mazoea, na mazoea hayo yatakaa darasani miaka thelathini.

Historia ya nchi hii inatufundisha thamani ya kujifunza kwa mikono. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani aliyemaliza chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu, na masomo ya udaktari ni marefu. Lakini walikuwapo Wakongomani waliokuwa wasaidizi wa madaktari, watu waliofundishwa miaka mingi kandokando ya vitanda vya wagonjwa, ambao utawala wa Wabelgiji ulikuwa umewanyima cheo cha juu zaidi. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi, wasaidizi hao ndio walioshika hospitali pamoja na wageni waliokuja kusaidia. Wengi wao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo, wakarudi baada ya miaka michache wakiwa madaktari kamili. Iliwezekana kwa haraka hivyo kwa sababu mikono yao ilikuwa imekwisha kujua kazi. Vitabu vilikuja kuongeza juu ya msingi uliokuwapo.

Na karibu nasi zaidi, angalieni Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Dunia inaijua kwa sababu ya wanawake waliotibiwa pale na kwa sababu ya Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2018. Lakini Panzi pia ni mahali ambapo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, UEA, hujifunza kazi. Hospitali ikiwa na wanafunzi kila siku, hata wakubwa wake wanalazimika kueleza kwa nini wanafanya wanavyofanya. Mtu anayeulizwa maswali kila asubuhi hawezi kufanya kazi kwa uzembe muda mrefu. Kwa hiyo staji inamjenga hata yule anayeipokea.

Ndugu wasikilizaji, najua vizuizi vyetu. Kizuizi cha kwanza ni fedha. Mwanafunzi anayetoka Makobola kwenda kufanya staji mbali anahitaji nauli ya gari au ya pikipiki, anahitaji pa kulala, anahitaji blauzi nyeupe, daftari, na fedha za kuchapisha ripoti. Nyuma ya fedha hizo yuko mama aliyeuza ndagala au mihogo. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwakopesha wanafunzi hata fedha za mafunzo kwa vitendo. Hapa kwetu mzigo uko juu ya familia. Halafu juu ya mzigo huo, zipo taasisi zinazomtaka mwanafunzi alipe ili apokelewe, na wapo wasimamizi wanaotaka kitu mkononi ili waweke pointi nzuri. Hilo ni baya, na halina jina lingine. Kijana aliyenunua pointi za staji amejifunza somo moja tu, kwamba kazi ya umma ni mahali pa kununulia na kuuzia, na siku akikaa kwenye kiti atatuuzia sisi.

Kizuizi cha pili ni usalama. Barabara ya taifa namba 5, inayopita hapa Makobola kati ya Uvira na Baraka, sote tunajua imepitia nini na vizuizi vyake vya kulipisha. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, kumwambia kijana wa Fizi aende kufanya staji Bukavu ni kumwambia mama yake akae bila usingizi. Mimi nasema kwa sababu hiyohiyo staji zirudi nyumbani. Tumezoea kudhani kwamba staji nzuri ni ile ya mbali, kwenye jengo la ghorofa. Kazi iko hapa, wagonjwa wako hapa, watoto wa kufundishwa wako hapa.

Kizuizi cha tatu tumejiwekea sisi wenyewe. Kila mwanafunzi anataka staji kwenye shirika la kimataifa lenye magari meupe. Ninaelewa kwa nini. Tangu Warundi walipokimbilia kwetu mwaka 2015 na kambi ya Lusenda ikafunguliwa, mashirika yamekuwa mengi, na vijana wameona kwamba huko ndiko kuliko na mshahara. Wamejifunza mengi huko na siwakatazi. Lakini mashirika huja na kuondoka. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walikuwa Baraka tangu 2003, na mwishoni mwa 2020 wakalazimika kupunguza sana kazi zao Fizi baada ya kushambuliwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi mashariki mwa Kongo ikafungwa. Kijana aliyejifunza kujaza fomu za mradi tu, mradi ukifungwa anabaki na nini? Aliyejifunza kuzalisha mama, kufundisha hesabu, kutunza vitabu vya fedha vya ushirika au kukausha samaki vizuri, ana kazi popote palipo na watu.

Hapo kwenye samaki nisimame kidogo. Ziwa letu Tanganyika, lenye kina cha mita karibu 1,470, ni la pili kwa kina duniani na linagawanywa na nchi 4. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, ambacho kimelichunguza ziwa hili kwa miaka mingi. Tuna wanafunzi wa kilimo, wa uvuvi, wa maendeleo ya vijijini. Lakini mara ngapi mmemwona mwanafunzi wa staji akikaa mwezi mzima na wavuvi wetu, akiandika ndagala ngapi zimevuliwa, ngapi zimeoza kwa mvua, bei ilikuwa kiasi gani alfajiri na kiasi gani mchana? Burundi, kwenye ziwa hilihili, kukausha ndagala juu ya vichanja vilivyoinuliwa badala ya mchangani kumepunguza hasara. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii, akiwa na misumari, wavu na wamama watatu waliokubali kujaribu, anaweza kufanya staji ambayo kijiji kitaikumbuka kwa faida yake.

Na wanafunzi wa sheria wasidhani kwamba Fizi haina la kuwafundisha. Februari 2011 mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka, ikasikiliza wanawake waliobakwa na wanajeshi Fizi siku ya mwaka mpya, na luteni kanali mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 20; maafisa na askari wengine nao wakahukumiwa. Kuwa karani mdogo wa kesi kama hiyo, au kukaa tu na mawakili wanaowaandaa mashahidi, kunafundisha sheria kwa namna ambayo daftari haliwezi.

Mtaniuliza kwa nini nalisemea jambo hili kwa uchungu. Makobola inajua kupoteza watu ni nini. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 waliuawa hapa na katika vijiji vya jirani raia wasio na silaha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja zaidi ya 800. Wengi wa vijana wanaobeba bahasha za staji leo walizaliwa baada ya siku hizo. Wamesomeshwa na wazazi waliobaki, kwa shamba, kwa wavu, kwa michango ya ukoo na ya kanisa. Diploma ya kijana wa hapa imelipwa na watu wengi. Hatuna haki ya kuiacha iwe karatasi tupu, wala yeye hana haki hiyo.

Wapo watakaosema: wenzetu wanadai wanafunzi walipwe, na wewe unazungumza juu ya kufundishwa tu. Ni kweli jirani zetu wako mbele kwenye hilo. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na sababu moja kubwa ilikuwa malipo ya madaktari vijana walio katika mwaka wa mafunzo ya kazini: serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi, chama chao kikashikilia mkataba wa 2017 uliotaja 206,400. Hao walikuwa wamekwisha kumaliza chuo na wanabeba zamu kamili, kwa hiyo madai yao yana nguvu. Nasi pia tukubaliane hivi: mwanafunzi anayejifunza adaiwe kujifunza, lakini akifanyishwa zamu za usiku mfululizo kama mfanyakazi, kwa sababu kituo hakina watu, basi apewe angalau chakula na nauli. Kumtumia mtoto wa watu miezi miwili bila kumfundisha na bila kumlisha ni dhuluma, hata kama barua ya chuo ina muhuri.

Sasa tufanye nini? Nina mapendekezo ambayo hayahitaji fedha za Kinshasa.

Wakubwa wa vyuo, barua ya staji iende na ukurasa mmoja unaotaja mambo ambayo mwanafunzi anatakiwa kuyajua akirudi. Muuguzi wa kituo akisoma kwamba kijana huyu lazima ajue kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua, atajua la kumfundisha. Na mje kuwatembelea wanafunzi wenu. Mwanafunzi ambaye chuo chake hakikuja hata mara moja anaelewa kwamba staji haina maana.

Ninyi mnaowapokea, mtajeni mtu mmoja awe msimamizi wa kila mwanafunzi, na asiwekewe pointi kijana ambaye hakufika. Najua mko wachache na mmechoka. Lakini kijana aliyefundishwa wiki mbili za kwanza ni mkono wa ziada wiki zinazofuata, na asiyefundishwa ni mzigo mpaka mwisho. Msimtoze fedha. Muhuri wenu ni ushahidi, na ushahidi wa uongo tunaijua hukumu yake.

Wazee wetu, machefu wa vijiji na viongozi wa makanisa, mpokeeni mwanafunzi mgeni. Kitanda na sahani ya ugali nyumbani mwa familia moja vinaweza kumleta Makobola mwanafunzi ambaye angeishia Uvira. Na wasichana watafutieni nyumba salama, na muwaulize jinsi wanavyotendewa huko wanakofanya kazi. Msimamizi anayemtaka msichana kimwili ili ampe pointi anapaswa kushtakiwa, na mzee wa kijiji asikubali jambo hilo limalizwe kwa mbuzi.

Nanyi vijana, ripoti ya staji msiipeleke chuoni peke yake. Acheni nakala kwenye kituo au shule iliyowapokea, na siku ya mwisho kaeni na watu muwaeleze kwa Kiswahili mliyoyaona: dawa gani zilikosekana, watoto wangapi waliacha shule, samaki kiasi gani walioza. Maarifa mliyoyachukua kwetu yarudi kwetu. Msiibe ripoti ya mwenzenu. Fikeni mapema, ulizeni, andikeni, ombeni kusahihishwa.

Mwisho, mzazi uliyelipia masomo, muulize mtoto wako anaporudi kutoka staji: umefundishwa na nani, na sasa unajua kufanya nini ambacho hukujua? Akishindwa kujibu, usimkasirikie kwanza. Nenda naye mpaka pale alipopigiwa muhuri, ukaulize kwa heshima kwa nini hawakumfundisha, na uombe apokelewe tena ajifunze. Tukifanya hivyo nyumba kwa nyumba, staji ya karatasi haitapata pa kukaa Fizi.